Kuongeza Maji si Kubadilisha Maji
Mazungumzo na watumiaji wa Karatu na Ngorongoro kuhusu matangi makubwa ya samaki majumbani

Leo tunazungumza na wale waliojenga au kununua tangi kubwa la samaki nyumbani, liwe la kioo sebuleni kwa ajili ya mapambo, au la saruji uani kwa ajili ya kufugia perege na kambale wa kitoweo. Tangi kubwa tunalolikusudia ni lile lenye lita 200 au zaidi, kwa kuwa hapo ndipo ndoo zinapoanza kumlemea mtu.

Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: je, kazi ya kubadilisha maji yaweza kuwa nyepesi, pasipo kuua samaki wala kupoteza maji, mahali ambapo maji ya bomba huja kwa zamu? Jibu letu ni ndiyo, mradi kazi ipangwe vema tangu mwanzo.

Kwa nini maji yabadilishwe

Wengi wetu tumewahi kusimama ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro tukalitazama Ziwa Magadi. Mto Munge huliletea ziwa hilo maji kutoka Olmoti, lakini hakuna mto unaotoka ndani yake. Maji huondoka kwa kukaushwa na jua, na magadi hubaki. Hali ni hiyo hiyo katika Ziwa Eyasi na Ziwa Natron. Katika Natron wapo samaki wadogo waliozoea hali hiyo, nao huishi karibu na chemchemi za pembezoni. Samaki tunaowafuga majumbani hawana uwezo huo.

Tangi linaloongezwa maji bila kupunguzwa ni Ziwa Magadi dogo. Maji yakipungua kwa joto, chumvi haipungui. Pamoja na hayo, samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Vijidudu vyema vilivyomo katika chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati si kali kama amonia, lakini huzidi kujikusanya wiki hadi wiki, na chujio la kawaida haliiondoi. Maji yaweza kuonekana maangavu huku yamechakaa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme uchafu huo huongezeka kwa vipimo 10 kila wiki. Ukiongeza maji tu, baada ya wiki 26 utakuwa na vipimo 260. Ukibadilisha sehemu moja ya tano ya maji kila wiki, uchafu hautazidi vipimo 50 hata miaka ikipita. Haya ndiyo manufaa ya kazi ndogo ifanywayo kwa utaratibu.

Kiasi gani, na mara ngapi

Kwa tangi la kioo lenye samaki wa wastani, sehemu moja ya tano kwa wiki ni mwanzo mzuri. Tangi la kufugia lenye samaki wengi huhitaji zaidi. Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 50 na kina cha maji cha 60 huchukua lita 300. Sehemu yake ya tano ni lita 60, yaani ndoo tatu za lita 20. Kwa wiki nne ni lita 240, kiasi kisichofika robo ya uniti moja ya maji, kwani uniti ni lita 1,000. Kwa tangi la lita 1,000, sehemu ya tano ni ndoo kumi, uzito wa kilo 200 wa kutoa na kilo 200 wa kurudisha. Mzigo huo ndio unaowafanya watu waahirishe kazi.

Anayeahirisha kwa miezi mingi, kisha akamwaga nusu ya tangi kwa siku moja, aghalabu hukuta samaki wamekufa asubuhi. Samaki hao wamezoea maji yaliyochakaa, na badiliko la ghafla huwashtua. Tena maji yenye magadi huifanya amonia iliyojikusanya kuwa kali zaidi. Tangi lililosahaulika lirekebishwe polepole: sehemu moja ya kumi kila siku moja au mbili, hadi litengemae.

Namna za kupunguza kazi

Kwanza, yaacheni maji yashuke yenyewe. Mpira wa maji uliojazwa, ncha moja ikiwa tangini na nyingine nje, chini kuliko uso wa maji ya tangi, hutoa maji bila pampu wala ndoo. Jazeni mpira huo bombani, si kwa kuvuta kwa mdomo, kwa maana maji ya samaki yana vijidudu. Fungeni wavu mdogo kwenye ncha ya ndani ili samaki wasivutwe. Ardhi yetu ya miteremko ni msaada mkubwa katika jambo hili.

Pili, wekeni alama. Ukanda wa rangi kwenye kioo, mahali maji yanapotakiwa kuishia, humwezesha hata mgeni wa kazi hiyo kutokosea kiasi.

Tatu, anayejenga tangi jipya la saruji aweke koki ya kutolea maji karibu na sakafu, na bomba la kufurikia karibu na ukingo. Gharama ya vitu hivyo viwili wakati wa ujenzi ni ndogo kuliko ya kutoboa ukuta baadaye.

Nne, wekeni tangi la akiba juu ya jukwaa, mahali palipoinuka kuliko tangi la samaki. Lijazeni siku ya zamu ya maji. Siku ya kubadilisha, mnafungua koki tu. Akiba hiyo huondoa utegemezi wa zamu, na huyapa maji muda wa kutulia.

Kabla ya kupunguza maji, zimeni umeme wa pampu na wa kipasha maji joto. Kipasha joto kikiachwa kinawaka nje ya maji huweza kupasuka. Nyaya zilegezwe ziteremke chini ya soketi, ili tone la maji linalofuata waya lidondoke sakafuni kabla ya kufika kwenye umeme.

Maji mapya yaandaliwe

Maji ya bomba yakitiwa klorini huua samaki, na pia huua vijidudu vyema vya chujio. Yaacheni wazi katika tangi la akiba kwa saa 24 au zaidi, yakikorogwa mara kwa mara. Ulizeni ofisi inayowahudumia ni dawa gani hutumika, kwa kuwa ipo aina ya klorini isiyotoka kwa kuachwa wazi, nayo huhitaji dawa ya kuiondoa. Maji ya kisima kirefu huweza kuwa na hewa kidogo. Nayo yachuruzishwe au yakorogwe kwanza. Maji ya mvua ni mazuri, lakini yachanganywe na ya kawaida, na mvua za mwanzo ziachwe zioshe paa.

Pimeni joto. Tofauti kati ya maji mapya na ya tangini isizidi nyuzijoto 2. Asubuhi za Juni hadi Agosti maji ya akiba huwa baridi sana, na tangi jeusi lililo juani laweza kuyachemsha mchana. Kipimajoto kidogo hulinda samaki wa thamani kubwa.

Msiunganishe tangi la samaki na bomba la nyumba

Jambo hili linahusu afya ya familia. Mpira uliochomekwa bombani, ncha yake ikiwa imezama katika tangi la samaki, huweza kuvuta maji machafu kuyarudisha ndani ya bomba pindi maji ya mtaa yanapokatika. Zamu ya maji ikirejea, maji hayo huelekea kwenye koki ya jikoni, na pengine kwa jirani. Ncha ya mpira ining'inie juu ya uso wa maji daima, na bomba liwekewe valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma.

Maji yanayotoka si taka

Nitrati inayowadhuru samaki ni mbolea kwa mboga, migomba na kahawa. Elekezeni mpira bustanini, na maji yatakuwa yametumika mara mbili. Maji yaliyotiwa dawa au chumvi yasimwagiwe mimea. Kamwe msimwage maji wala samaki katika vijito. Sangara aliyepelekwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960 alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, na hakuna aliyeweza kumrudisha alikotoka.

Unaponunua vifaa

Pampu isinunuliwe kwa kuangalia lita kwa saa pekee. Ulizeni kimo ambacho yaweza kusukumia maji, kwani lita hizo hupungua kadiri kimo kinavyoongezeka. Muuzaji akisema chujio au dawa yake itakuondolea haja ya kubadilisha maji milele, mwombe akueleze nitrati na chumvi zitakwenda wapi. Asipokuwa na jibu, hifadhi fedha yako. Dai risiti, soma masharti ya dhamana, na ukague kifaa cha umeme mbele ya muuzaji.

Ndugu watumiaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira mmoja, alama moja kwenye kioo na tangi moja la akiba lililoinuliwa vyatosha kuigeuza kazi ya nusu siku kuwa kazi ndogo ya kila wiki. Anayekusudia kujenga au kununua tangi aanze kwa kujiuliza maji yatatokea wapi, kabla ya kujiuliza yataingilia wapi.