Kazi ya Ujenzi Katika Miezi ya Baridi

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwaka



Halmashauri imetuomba sisi mafundi wa chama hiki tuseme maneno machache juu ya kazi ya ujenzi katika miezi ya baridi. Tumekubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa jambo hili latugusa sote, aliye juu ya jukwaa na anayemngojea nyumbani. Katika kurasa za hesabu za taarifa hii mtaona fedha zilizotoka katika mfuko wa wagonjwa na mfuko wa maziko. Twawasihi msitazame tarakimu peke yake. Tazameni pia miezi iliyoandikwa kando yake. Mtaona Juni, Julai na Agosti zikirudi mara kwa mara, na hapo ndipo mtakapofahamu kwa nini tumesimama mbele yenu.

Twajua kwamba wako watakaocheka. Watasema, "Baridi gani hiyo ya Kitengela? Baridi ni ya Kanada, ambako maji hugeuka mawe." Ni kweli. Katika nchi zile maji yaliyo ndani ya zege changa huganda, yakavimba na kulipasua, na kwa hiyo wajenzi wa huko hulifunika kwa mablanketi mazito na kulitia joto. Sisi hatuna jambo hilo. Lakini mtu wa huko huiogopa baridi yake, kwa hiyo hujitayarisha. Yetu ni ndogo, nasi twaidharau. Ndugu zetu Wamaasai, wenyeji wa nyika hii, hawaidharau. Mchungaji hatoki bomani alfajiri ya Julai bila shuka lake. Ni sisi mafundi tunaotoka na fulana moja.

Nchi yetu iko juu. Kitengela imepita meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kajiado mjini imeinuka zaidi ya hapo. Katika miezi hiyo jua limeelekea kaskazini, na upepo wa kusi hutuletea mawingu ya chini yanayolizuia jua, pengine mpaka adhuhuri. Usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12 za Selsiasi, na pengine chini yake. Tena hakuna mlima wala msitu wa kuuvunja upepo. Hutoka uwanda wa Athi ukapita Isinya bila kizuizi, ukamkuta fundi juu ya paa na bati mkononi.

Sasa tuanze na kazi yenyewe, kisha tuje kwa mtu.

Watu husema kwamba zege hukauka. Neno hilo ndilo mwanzo wa makosa mengi. Nguo iliyoanikwa hukauka, bali zege hukomaa. Saruji na maji huungana, vikafanya kitu kipya kilicho kigumu, na muungano huo wahitaji mambo mawili: unyevu na joto. Joto likipungua, muungano huenda polepole. Zege lililokaa katika nyuzi 10 hupata nguvu zake, katika siku zile za kwanza, karibu kwa nusu ya mwendo wa lile lililokaa katika nyuzi 20. Zaidi ya hayo, saruji ambayo wengi wetu hununua, ile ya 32.5 iliyochanganywa na pozolana, hukomaa taratibu hata wakati wa joto. Basi ukiunganisha saruji ya taratibu na msimu wa baridi, siku ulizozizoea hazitoshi tena.

Hapa yatupasa kuungama jambo. Mwaka mmoja, katika mjengo ulio kando ya barabara ya Namanga, tulimwaga slabu ya ghorofa ya kwanza mwanzoni mwa Julai. Mwenye mjengo alikuwa na haraka, na mbao zilikuwa za kukodi, zikilipiwa kila siku. Siku ya 9 tuliambiwa tuzifungue. Juu, zege lilionekana jeupe na gumu. Tulipiga kwa nyundo, likalia vizuri. Tukaondoa miti ya kuegemeza, tukaenda kula. Tulipokuwa tungali na sahani za githeri mikononi, tulisikia mlio kama wa tawi linalovunjika. Boriti ya kati ilikuwa imeinama na kupasuka, na sehemu ya slabu ikaanguka mahali pale pale tulipokuwa tumesimama muda mfupi uliopita. Hakufa mtu. Hatusemi haya ili kumlaumu yeyote. Mikono iliyoziondoa mbao ilikuwa yetu, na miongoni mwetu walikuwamo waliojua kwamba siku hazijatimia, wakanyamaza kwa kuogopa kukosa kazi ya kesho.

Tangu siku hiyo tumejiwekea desturi, nasi twaomba iwe desturi ya kila mwanachama. Wakati wa joto, miti ya kuegemeza slabu isiondolewe kabla ya siku 14. Katika miezi ya baridi ikae siku 21, na chini ya boriti ndefu ikae zaidi, kama mhandisi atakavyosema. Mahali penye mhandisi, neno lake ndilo litangulie. Vile vipande vya zege vinavyotengenezwa katika visanduku vya sentimeta 15 na kuvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28 havikuwekwa kwa ajili ya kumpendeza mkaguzi. Ndiyo njia ya kuliuliza zege kama liko tayari, maana mlio wa nyundo waweza kudanganya.

Jambo la pili ni maji. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa jua halichomi, hakuna haja ya kumwagilia. Huu ni udanganyifu wa upepo. Miezi ya baridi kwetu ni miezi mikavu. Mawingu ni mengi lakini mvua ni haba, na upepo wa nyika hunyonya unyevu juu ya zege kama vile jua linyonyavyo. Nyufa nyembamba zinazoonekana asubuhi ya pili mara nyingi ni kazi yake. Basi zege lifunikwe kwa nailoni au magunia yaliyolowa mara linapoanza kushika, na limwagiliwe kwa siku zisizopungua 10. Twajua bei ya maji ya boza hapa Kitengela, na twajua kwamba maji ya visima vingi ni ya chumvi. Chumvi hula chuma kilichomo ndani ya zege, kwa hiyo maji ya kuchanganyia yawe matamu. Mwenye mjengo na aelezwe mapema, kabla ya gharama kupangwa, kwamba boza la maji ni sehemu ya zege kama ilivyo kokoto.

Lakini maji ya kuchanganyia yasizidi. Mfuko mmoja wa kilo 50 wataka kiasi cha lita 25 hadi 30, na mchanga ukiwa na umande hupungua. Katika baridi maji ya ziada hukawia juu ya sakafu. Fundi mwenye haraka huyapiga mwiko yakiwa bado yamesimama, na sakafu hiyo hutoa vumbi maisha yake yote. Ngojeni maji yatoweke ndipo mlainishe. Mimina zege asubuhi baada ya ukungu kuondoka, ili lipate joto la mchana kabla ya usiku wake wa kwanza. Na mifuko ya saruji, ijapokuwa yatoka karibu, Athi River, isilale sakafuni wala isiegemee ukuta wa mabati. Ukungu waweza kuufanya mfuko kuwa jiwe.

Sasa tuje kwa mtu.

Kibarua hufika kazini alfajiri, naye ametoka mbali juu ya bodaboda, vidole vimekufa ganzi. Mkono wenye ganzi haujui kama umeshika nyundo au umeiachia. Hausikii saruji mbichi ikiichoma ngozi, mpaka jioni vidonda vinapojitokeza. Ubao wa jukwaa uliolala nje una umande, nao huteleza kama sabuni. Kwa hiyo twashauri saa ya kwanza iwe ya kazi za chini: kusogeza mawe, kuchekecha mchanga, kukata na kukunja chuma. Damu ikishachangamka na mbao zimekauka, ndipo watu wapande. Upepo ukiwa mkali, bati lisipandishwe paani na mtu mmoja. Bati ni tanga, na tanga humchukua nahodha.

Mavazi yawe mengi mepesi kuliko moja zito, ili mtu apunguze jua litokapo. Apate uji au chai ya moto kabla ya kuanza, maana tumbo tupu halina moto. Akina mama wanaotupikia wakifika mapema, wameokoa watu wengi kuliko wajuavyo. Na pombe isihesabiwe kuwa blanketi. Humfanya mtu ajione ana joto kwa kuwa damu imekimbilia kwenye ngozi, na huko ndiko hupotezea joto lake. Baada ya saa moja ana baridi zaidi, na akili yake haipo.

La mwisho ndilo zito, nasi tumeliacha mwisho ili mwondoke nalo.

Katika mijengo mingi wako vijana wanaolala pale pale, kwa kulinda vifaa au kwa kukwepa nauli. Hulala katika kibanda cha mabati au katika chumba kisicho na madirisha bado. Usiku wa Julai huziba kila upenyo kwa magunia na karatasi za saruji, kisha huingiza jiko la makaa. Usiku mmoja vijana wawili tuliowajua, waliofanya kazi pamoja nasi, walifanya hivyo. Asubuhi mlango haukufunguliwa. Tulipouvunja, mmoja alikuwa amefariki, na wa pili alikuwa hajitambui. Huyo wa pili alipona hospitalini. Wa kwanza tulimrudisha kwa wazazi wake kwa fedha za chama hiki. Mama yake alituuliza swali moja tu: "Aliumwa nini?" Hatukuwa na jibu la kumpa ila kwamba alisikia baridi.

Ndugu zetu, sikilizeni vizuri. Makaa yanayowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Huishika damu kwa nguvu ipitayo ile ya hewa njema zaidi ya mara 200, hata damu haina tena nafasi ya kubeba uhai. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Mtu hafi akipiga kelele. Hufa akidhani amepata joto. Makaa mekundu yasiyo na moshi yana sumu hiyo hiyo. Basi jiko likae nje. Mtu aote moto nje, ajipashe joto, kisha aingie kulala na blanketi, jiko likibaki nje. Ukimkuta mwenzako katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe upate kumweka penye hewa, kisha mpeleke hospitali hata akisema ameshapata nafuu.

Bei ya mablanketi mawili hailingani na bei ya jeneza. Twaomba mkutano huu ukubali kwamba kuanzia mwaka huu sehemu ya mfuko wa maziko inunue mablanketi kabla ya Juni, yaazimwe kwa wanachama wanaolala kazini. Afadhali mfuko huo uishe kwa mablanketi.

Tena tusisahau haki zetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pawe salama, naye ndiye anunue kofia, glavu na buti, wala asimkate kibarua mshahara kwa ajili hiyo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huo huo, yampa aliyeumia haki ya kulipwa, lakini madai yapelekwe ndani ya miezi 12. Wengi wetu hunyamaza mpaka mwaka ukapita. Mtu akiumia, na aandikiwe siku ile ile: tarehe, mahali, na majina ya walioona. Katibu wetu atamsaidia yeyote asiyejua kuandika, bila malipo.

Bwana Mwenyekiti, yote tuliyosema yaweza kufungwa katika fundo moja. Baridi yetu hudai muda. Zege hudai siku zaidi, mkono hudai saa moja ya kuchangamka, na kijana mlinzi adai dakika chache za kuota moto nje kabla ya kulala. Tukimpa kila mmoja muda wake, baridi haitatudai kingine. Tukimnyima, itajilipa yenyewe, nasi tumekwisha kuona inavyojilipa. Fundi aambiwaye aondoe mbao siku ya 9 na aseme, "Bado." Akifukuzwa kwa neno hilo, chama hiki kisimame naye, kimtafutie kazi nyingine. Kama hatuko tayari kufanya hivyo, basi maneno yetu haya ni upepo mwingine tu wa Julai.