Masikio Kwanza, Vidole Baadaye



Katika shangwe hii ya jubilei nawasemea vijana wetu wanaojifunza kinanda. Vidole vyao ni vyepesi, lakini wengi wanajua tu midundo iliyomo ndani ya kinanda chenyewe. Mtoto husikia lugha kabla ya kuisema. Muziki ni vivyo hivyo.

Mwaka 1705 Johann Sebastian Bach, kijana wa miaka 20, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa huko Arnstadt, Ujerumani. Alitembea kilomita 400 hivi hadi Lübeck kumsikiliza mzee Buxtehude. Aliomba ruhusa ya wiki nne, akakaa karibu miezi minne. Tayari alikuwa fundi, na bado alikwenda kusikiliza.

Vijana wetu hawahitaji safari hiyo, simu inatosha. Waanze na preludi ya kwanza katika Well-Tempered Clavier, kitabu cha Bach cha mwaka 1722. Juu yake ndipo Charles Gounod alipoujenga wimbo wa Ave Maria tunaoufahamu. Mara ya kwanza wasikilize tu, mikono magotini. Mara ya pili waifuate sauti ya chini, na besi wetu waiimbe. Mara ya tatu wafuate noti kwa macho. Ndipo wapige, polepole.

Wazazi, mtoto akisikiliza hapotezi wakati. Wanakwaya, tutenge dakika 10 kabla ya mazoezi, tusikilize pamoja nao. Atakayetupigia jubilei ijayo anaanza leo, kwa masikio.

Mungu aibariki kwaya yetu.