Tundu la Hewa katika Chumba cha Nafaka

Leo tuzungumze juu ya ukuta. Mtaniuliza: bwana shamba na ukuta wapi na wapi? Sikilizeni basi.

Wako wakulima wanaokaa hapa Kikwajuni na mashamba yao yako Cheju au Bumbwini. Wakishavuna, magunia ya mpunga na mahindi hutiwa chumba cha uani, mlango ukapigwa kufuli. Chumba hakina hata kidirisha. Juu bati linawaka, chini sakafu ina unyevu, na hewa haina pa kutokea. Siku ukifungua, unapokewa na harufu ya uvundo. Hiyo ni kuvu. Kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haimaliziki kwa kupikwa. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Lakini jueni, tundu halikaushi nafaka mbichi. Anika kwanza. Kisha jaribu hivi: tia nafaka kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, iache kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, nafaka bado, rudisha juani.

Sasa tuje kwenye ukuta. Toboa matundu mawili, kila moja inchi 9 kwa 9. La chini liwe futi moja na nusu kutoka sakafuni, la juu liwe karibu na paa, upande wa pili. Hewa baridi itaingia chini, ya moto itatoka juu. Ukiwa na ukuta mmoja tu wa nje, yaweke yote hapo, moja chini na moja juu.

Kwanza hakikisha hapana waya wa umeme wala bomba la maji. Usitoboe pembeni mwa nyumba wala chini ya boriti. Piga tundu jembamba la katikati kutoka ndani hadi nje, upate alama pande zote mbili. Kisha chonga kwa tindo na nyundo, nusu kwa ndani, nusu kwa nje. Hivyo lipu haitabanduka ovyo. Juu ya tundu weka kipande cha zege cha kubeba ukuta. Sehemu ya chini ilaze kuelekea nje, mvua isiingie ndani, na upande wa kusi uweke kofia ya bati. Malizia kwa wavu wa chuma wenye macho ya robo inchi, panya asipite.

Ukuta wa mawe na chokaa usiuguse mwenyewe. Mwite mwashi, kwani jiwe moja likitoka, mengine hulifuata. Nanyi mnaokaa nyumba za ghorofa, ukuta wenu umebeba wenzenu wa juu. Msitoboe bila ruhusa.

Tundu pia lina adabu yake. Lifungue mchana wa jua, lizibe kwa kibao usiku na wakati wa mvua, maana hewa ya masika hurudisha unyevu ndani ya gunia. Magunia yakae juu ya chaga, futi moja mbali na ukuta.

Mavuno ni jasho la msimu mzima, na ndiyo chakula cha watoto. Leo jioni ingia chumbani mwako, nusa. Pua itakwambia kama kazi hii ingoje au isingoje.

Kwaherini.