Maharagwe Yakidumaa, Uliza Udongo Kabla ya Kulaumu Mbegu

Mazungumzo kwa vikundi vya wakulima wa mahindi na maharagwe, Kaunti ya Trans Nzoia



Mkulima wa Trans Nzoia hupanda mahindi mvua za Machi na Aprili zinapoanza. Ifikapo Agosti, mahindi yakianza kukauka, wengi hupanda maharagwe katikati ya mistari. Maharagwe hayo ndiyo chakula cha nyumbani na karo ya Januari.

Lakini kuna msimu ambapo maharagwe huota vizuri, kisha baada ya wiki mbili au tatu hubadilika rangi na kudumaa. Mkulima hulaumu mbegu. Jirani yake alinunua mbegu hiyo hiyo, akapulizia mahindi yake dawa hiyo hiyo ya magugu, na shamba lake ni kijani. Katika hali kama hiyo, udongo ndio wa kuulizwa kwanza.

Asidi ya udongo hupimwa kwa kipimo cha pH. Namba 7 ni katikati. Namba ikishuka, asidi inaongezeka. Udongo wa pH 5 una asidi mara 10 kuliko wa pH 6. Mashamba mengi ya eneo hili yana asidi, na matumizi ya DAP mwaka baada ya mwaka huiongeza.

Asidi hiyo ndiyo huchangia kuamua dawa ya magugu itakaa ardhini kwa muda gani, na dawa hazifanani. Atrazini, iliyotumika kwa miaka mingi kwenye mahindi, huvunjika upesi zaidi katika udongo wenye asidi. pH ikipanda kupita 7, hukaa muda mrefu. Nikosulfuroni nayo hufuata mkondo huo.

Mesotrioni ni kinyume chake. Katika udongo wenye asidi hushikamana na chembe za udongo, na vijidudu vinavyoivunja haviifikii kwa urahisi. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa nusu ya dawa hiyo inaweza kutoweka kwa takriban siku 5 katika udongo mmoja, na kuchukua karibu mwezi mzima katika udongo mwingine wenye asidi zaidi. Nchini Marekani, lebo za dawa hiyo humtaka mkulima asubiri miezi 18 kabla ya kupanda maharagwe. Anayepulizia Mei na kupanda maharagwe Agosti amesubiri miezi 3 tu.

Dalili husaidia kutambua chanzo. Atrazini huanza kwa kugeuza majani ya chini kuwa ya manjano, kisha kingo zake hukauka. Mesotrioni hufanya majani machanga kuwa meupe. Madhara yakionekana zaidi pale bomba lilipopita mara mbili au lilipogeuzwa mwisho wa shamba, dawa ndiyo ya kushukiwa. Lakini asidi yenyewe pia hudumaza maharagwe: mizizi huwa mifupi na minene, na mmea hukosa fosforasi hata kama mbolea iliwekwa.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Chukua udongo wa juu, kina cha sentimita 10 hivi, kutoka sehemu kadhaa za shamba lililopuliziwa, uuchanganye na kuutia kwenye mikebe iliyotobolewa chini. Jaza mikebe mingine udongo wa aina hiyo hiyo kutoka mahali ambapo dawa haijafika, kama kando ya ua. Panda mbegu 10 za maharagwe katika kila mkebe, mwagilia, na utazame kwa wiki 3. Yakiharibika ya shambani peke yake, mabaki ya dawa bado yapo. Yakidumaa yote, tatizo ni udongo wenyewe.

Chokaa ya kilimo inabaki kuwa tiba ya udongo wenye asidi, na maharagwe huihitaji pH iwe angalau 5.5. Ila iwekwe kwa kipimo na kuchanganywa vizuri na udongo. Chokaa nyingi ikibaki juu hupandisha pH ya tabaka lile lile dawa ilipo, na atrazini hukawia kuvunjika.

Kwa hiyo, mkulima anayetaka maharagwe Agosti ayafikirie tangu Aprili. Apime udongo kabla ya kununua chokaa au dawa. Afisa wa kilimo wa wadi ataeleza namna ya kuchukua sampuli. Dukani, asome lebo hadi sehemu ya mazao yanayofuata, kisha apulizie kwa kiwango kilichoandikwa. Iwapo lebo hairuhusu maharagwe kwa muda huo, basi achague dawa nyingine au apalilie kwa jembe. Na kama dawa imeshapuliziwa, mikebe michache iliyopandwa Julai itamwambia ukweli kabla hajafukia mbegu ya shamba zima.