Msimamizi Asipoziona Mashine Zake: Hifadhidata, Vyeti na Saa katika Vyumba vya Seva vya Bujumbura



Umeme unakatika mtaani Rohero, Bujumbura, saa nane mchana. Jenereta inachelewa kuwaka, betri za UPS zimeshachoka, na rafu nzima ya seva inazimika kwa mkupuo. Umeme wa shirika la REGIDESO unaporudi, mashine zinawaka, ila ukurasa wa oVirt, programu inayosimamia mashine pepe, haufunguki. Ukifunguka baadaye, baadhi ya seva zinaonyeshwa kwamba hazijibu. Fundi yeyote aliyefanya kazi katika mji huu anaijua hali hiyo.

Mada yangu inahusu kazi inayofuata hapo. Tumezoea kushughulikia hitilafu mbili kana kwamba hazijuani: hifadhidata isiyofikika upande huu, mawasiliano yaliyosimbwa yanayokatika upande ule. Rai yangu ni kwamba hapa kwetu mara nyingi zote mbili zimeletwa na kule kuzimika kwa ghafla. Asiyeuona uhusiano huo huishia kuzima usimbaji ili kazi iendelee, na baada ya hapo hauwashi tena.

Nimechagua oVirt kwa sababu ni programu huria, haina ada ya leseni, na sehemu zake zinaonekana wazi. Kuna injini, ambayo ndiyo msimamizi. Injini huandika kila inachokijua katika hifadhidata ya PostgreSQL iitwayo engine, kwa kawaida kupitia poti 5432. Katika kila seva inayobeba mashine pepe kuna huduma ya VDSM inayosikiliza poti 54321, na injini huzungumza nayo kwa usimbaji wa TLS, kila upande ukionyesha cheti chake. Mashine pepe zenyewe hazimtegemei msimamizi ili ziendelee kufanya kazi. Injini ikipotea, au cheti cha seva kikiisha muda, mashine zilizokuwa hai hubaki hai na watumiaji huendelea kuhudumiwa. Kilichopotea ni macho ya msimamizi.

Nalisisitiza hili kwa sababu hapa ndipo data hupotea. Seva isiyojibu ina kitufe cha kuthibitisha kwamba imekwisha kuzimwa na kuwashwa upya kwa mkono. Fundi aliyebanwa na wakubwa wake hukibonyeza bila kwenda kuitazama seva. Injini humwamini, kisha huweza kuziwasha mashine zilezile kwenye seva nyingine huku za kwanza bado zinafanya kazi. Mashine mbili zikiandika kwenye diski moja pepe, hiyo diski huharibika, na kama nakala rudufu ni ya mwezi uliopita, mwezi mzima wa kazi za watu umekwenda. Kwanza nenda kwenye seva, au ingia kwa SSH, utazame kama mashine zinaendelea.

Tuje kwenye hifadhidata. PostgreSQL iliyozimwa ghafla huanza kwa kurudia mabadiliko yaliyoandikwa kwenye daftari lake, yaani pg_wal, na kwa muda huo humjibu kila anayebisha kwamba bado inaanza. Hapo hakuna tatizo la nenosiri. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, basi hakuna huduma inayosikiliza kwenye poti hiyo. Jibu la kwamba nenosiri si sahihi linakupeleka kwenye faili la 10-setup-database.conf la injini, ulinganishe kilichoandikwa humo na kilicho kwenye hifadhidata. Na jibu la kwamba hakuna mstari unaokuhusu katika pg_hba.conf, faili la ruhusa za kuingia, lisomwe hadi mwisho, kwa kuwa husema pia kama ulikuja na usimbaji au bila usimbaji. Mstari unaoanza na hostssl haumpokei aliyekuja wazi, na faili hilo husomwa kutoka juu: mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua.

Diski iliyojaa nayo huisimamisha PostgreSQL. Hifadhidata ya historia ya oVirt hukua kimyakimya, na siku nafasi ikiisha injini huanguka nayo. Tafadhali, usifute kitu ndani ya pg_wal ili kupata nafasi. Ongeza diski, au futa logi za zamani kwingineko.

Sasa saa. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, seva iliyokosa umeme huamka na tarehe ya kiwandani, miaka kadhaa nyuma. Kwa saa hiyo, cheti kizima kabisa huonekana hakijaanza kutumika, na TLS hukataliwa. Fundi husoma neno cheti kwenye logi, anaanza kutengeneza vyeti vipya, na tatizo la betri ya bei ndogo linageuka kazi ya siku mbili. Chrony, programu ya kusawazisha saa, ingeirekebisha yenyewe, lakini intaneti nayo huwa haijarudi. Dawa ni chanzo cha saa ndani ya jengo, tena kisiwe mashine pepe iliyolala ndani ya seva zilezile zinazokisubiri. Na tukumbuke kwamba Burundi iko saa mbili mbele ya saa ya dunia (UTC), huku Dar es Salaam na Nairobi wakiwa saa tatu mbele. Seva iliyopangwa na mtaalamu aliyetoka huko huweza kubaki na majira ya huko, na ukizilinganisha logi utadhani tukio moja ni matukio mawili. Vyeti huandikwa kwa saa ya dunia. Logi zetu nazo zifuate saa hiyo.

Saa ikiwa sawa na mawasiliano bado yanakatika, yapo mengi ya kusomeka bila kuvunja usimbaji. Katika TLS 1.2 salamu za mwanzo hupita wazi, cheti cha seva kikiwemo, na onyo la kukataa hubeba namba: 45 ni cheti kilichoisha muda, 48 ni mtoa cheti asiyetambulika, 70 ni toleo lisilokubalika. TLS 1.3, iliyochapishwa mwaka 2018, huficha cheti pamoja na sehemu kubwa ya maonyo hayo, hivyo tegemea logi za pande mbili kuliko pakiti. PostgreSQL ina utaratibu wake: mteja hutuma baiti 8 za kuomba usimbaji, na seva hujibu kwa herufi moja, S ikikubali au N ikikataa. Herufi hiyo huonekana kwa tcpdump, programu ya kunasa pakiti, nayo humaliza ubishi mwingi.

Kwa ofisi zenye injini Bujumbura na seva Gitega kupitia VPN, kuna dalili nyingine: ping inapita, poti inafunguka, lakini salamu za TLS zinakwama katikati. Pakiti ndogo zinapenya, ila ile kubwa iliyobeba cheti inapotelea njiani. Tuma ping ya baiti 1472 iliyokatazwa kugawanywa. Isipopita, punguza MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, na vyeti uviache kama vilivyo.

Liko la mwisho, nalo linanisumbua kuliko yote kwa sababu halitoi kosa lolote. Wateja wengi wa PostgreSQL huanza na sslmode ya prefer: hujaribu usimbaji, na seva ikikataa, huendelea wazi bila kumwambia mtu. Kiwango cha require husimba, lakini kwa kawaida hakihakikishi uko na nani; ni verify-full inayokagua cheti pamoja na jina la seva. Kwa injini, mistari ya kutazama katika faili lilelile la 10-setup-database.conf ni ENGINE_DB_SECURED na ENGINE_DB_SECURED_VALIDATION. Pale ambapo hifadhidata iko kwenye mashine nyingine na mstari wa kwanza unasema False, kila kinachosomwa na kuandikwa humo kinapita wazi kwenye swichi ya ofisi. Naomba kila mshiriki mwenye mfumo wa namna hiyo aitazame mistari hiyo miwili kabla ya kikao cha kesho, aje na alichokikuta.