Kompyuta ya Bei Nafuu: Namna ya Kuchagua Sehemu Zake

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Masagati



Nimeombwa nizungumze juu ya kununua kompyuta ya kazi za kila siku kwa fedha kidogo. Kabla sijaanza, yanipasa nikiri kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, chama kimoja katika bonde hili kiliniomba ushauri. Mkutano Mkuu ulikwisha kuidhinisha fedha. Muuzaji alituonyesha mashine yenye kasha la kioo na taa za rangi, iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya vijana. Nikaiona ina prosesa yenye kasi, nikaridhika. Sikuuliza diski yake ni ya namna gani, wala umeme ukikatika itakuwaje. Msimu wa mpunga ulipofika, umeme ukakatika katibu akiwa katikati ya kuandika mizani. Faili likaharibika, na diski ikakataa kusomeka. Tulitumia siku kumi na moja kuyakusanya upya mahesabu kutoka katika stakabadhi na daftari la mkono, na malipo ya wakulima yakangoja. Mama mmoja mzee aliniambia, "Mwanangu, daftari halijapata kunisahau hata siku moja. Mashine yenu imenisahau."

Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo kipimo changu tangu siku ile. Kompyuta ya chama ni ile isiyomsahau mwanachama.

Wala kosa la namna hii halikuanza kwetu. Nchi yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya hasara na vurugu ya mahesabu, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo marufuku hiyo haipo. Tume ya Maendeleo ya Ushirika yataka taarifa zetu ziingizwe katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Kwa hiyo swali si kama tutanunua kompyuta, bali tutanunuaje.

Kwanza, andikeni kazi kabla ya kuandika bei. Katibu anaandika barua, anajaza majedwali ya mahesabu, anafungua MUVU na kuchapa orodha za malipo. Hakuna kazi hata moja hapo inayodai mashine ya gharama kubwa.

Pili, prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu. Aina ya Core i3 ya Intel, au Ryzen iliyo sawa nayo ya AMD, yatosha kabisa. Lakini jifunzeni kusoma jina lake. Katika i3-8100, namba 8 yaonyesha kizazi cha nane. Katika i3-12100 ni kizazi cha kumi na mbili. Ikiwa mwishoni pana herufi F, kama i3-12100F, prosesa hiyo haina sehemu ya kutoa picha kwenye skrini, nanyi mtalazimika kununua kadi ya picha kwa fedha nyingine. Bei ya F huwa chini kidogo, na hapo ndipo wengi hunaswa. Kwa upande wa AMD, herufi G, kama Ryzen 5 5600G, yamaanisha kuwa sehemu ya picha imo.

Tatu, bodi mama na kumbukumbu, yaani RAM. Hizi hapana budi zipatane. Prosesa ina tundu lake maalumu, na RAM ya DDR4 haiingii katika bodi ya DDR5, wala ya DDR5 katika bodi ya DDR4. Gigabaiti 8 zatosha. Chagueni bodi inayobakiza nafasi ya kuongeza nyingine baadaye.

Nne, diski. Hapa msibane fedha. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka ndani. Mtikisiko wa barabara zetu wakati wa masika ni adui yake. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na huifanya hata mashine ya kawaida kuwa nyepesi. Gigabaiti 240 au 256 ni nyingi kwa mahesabu ya chama. Bora prosesa ndogo na SSD kuliko prosesa kubwa na diski ya kuzunguka.

Tano, umeme. Tunaishi karibu na mitambo ya Kihansi, lakini dhoruba ikiangusha nguzo, ofisi yetu huwa gizani kama nyingine yoyote. Nunueni UPS pamoja na kompyuta, siku ile ile, katika hati ile ile. Yatosha iwape dakika kumi za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Pawa saplai ya wati 300 hadi 400 ya mtengenezaji anayeaminika yafaa. Ile nyepesi isiyo na jina ikiungua yaweza kuondoka na bodi mama. Mahali penye umeme wa jua tu, kompyuta ndogo ya mkononi hula umeme kidogo zaidi, na ina betri yake.

Sita, mashine iliyokwisha kutumika. Kompyuta za ofisi za mtumba zinazouzwa mijini mara nyingi ndizo nafuu kuliko kununua sehemu mojamoja, nami sizikatai. Lakini msishuke chini ya kizazi cha nane cha Intel. Huduma ya Windows 10 ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi vizazi vya nyuma ya hapo. Mwenye mashine ya zamani aweza kutumia Linux pamoja na LibreOffice, zisizo na malipo; ila mjaribu kwanza kama kazi zenu zote, pamoja na printa, zinakubali.

Saba, manunuzi. Pateni bei za wauzaji watatu kwa orodha moja ya sehemu, ili mlinganishe kitu kilekile. Washeni mashine mbele ya muuzaji, na muangalie ukubwa wa diski na RAM unaoonyeshwa na mashine yenyewe, si ule ulioandikwa kwenye kasha. Dai risiti ya kielektroniki na dhamana ya maandishi. Andikeni namba ya mashine katika daftari la mali za chama.

Mwisho, ambalo halinunuliwi dukani. Kila jioni ya siku ya mizani, katibu anakili mahesabu kwenye fleshi mbili: moja ikae katika sefu ya ofisi, nyingine mahali pengine palipoamuliwa na Bodi. Taarifa hizo ni za wanachama, hivyo zifungwe kwa nywila. Na daftari la mkono lisitupwe. Katika chama kile nilichokitaja, lisingekuwepo daftari, leo nisingethubutu kusimama mbele yenu.

Chama kile baadaye kiliuza ile mashine ya taa kwa hasara, kikanunua ya mtumba, ndogo, yenye SSD na UPS. Ipo mpaka leo. Msimu uliofuata yule mama alikuja kupokea malipo yake; katibu akalitafuta jina lake, likaonekana. Alihesabu fedha zake mara mbili, akatia kidole gumba katika orodha, akaenda zake bila kusema neno.