Mtoto Asilazimishwe Kusimulia

[Muziki wa kufungulia. Unashushwa polepole.]

Leo tunazungumza juu ya watoto wetu na maumivu yasiyoonekana kwa macho.

Nianze na swali la mama mmoja wa Gatumba. Mafuriko yaliwatoa nyumbani, wakahamia kwa jamaa zao. Siku moja wageni walifika katika shule ya mtoto wake wa miaka tisa, wakasema wamekuja kuwasaidia watoto. Wakawaambia wachore siku maji yalipoingia ndani, kisha kila mmoja asimame mbele ya wenzake aeleze mchoro wake. Mtoto yule alikuwa ameshaanza kulala vizuri. Usiku ule aliamka akilia, na usiku uliofuata pia. Mama akaniuliza: "Ndugu yangu, mazungumzo ya namna hii ni dawa, au ni kukwangua kidonda?"

Swali hilo ni zito, na wala si yeye peke yake anayejiuliza. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilidumu zaidi ya miaka kumi. Waliokuja kutusaidia walileta chakula na mahema, kisha wakaleta pia ushauri nasaha. Neno ihahamuka, yaani kiwewe, likaingia midomoni mwetu. Ni jambo jema, kwa sababu zamani mtoto aliyeshtuka usiku alichapwa au aliambiwa ana mashetani. Lakini leo mtoto akinyamaza kidogo tu, au akigombana na wenzake, tunamwambia: wewe una kiwewe. Naye anaanza kujiona mgonjwa.

Sasa sikiliza jambo hili. Watafiti walilipima hapa hapa Burundi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Walichukua watoto 329 wa miaka 8 hadi 17. Watoto 153 walihudhuria vikao 15 shuleni: michezo, michoro, maigizo na mazungumzo. Wengine 176 walisubiri zamu yao. Kisha wote wakapimwa: kiwewe, huzuni, hofu, matumaini, na uwezo wa kufanya shughuli za kila siku.

Matokeo? Ukiwatazama watoto wote kwa pamoja, vikao havikuleta tofauti. Lakini ukiwatazama kwa makundi, unaona mambo mengine. Waliohudhuria huku wakiishi na baba na mama, kiwewe na huzuni vilipungua. Waliotoka katika nyumba zenye watu wengi, huzuni ilipungua. Wadogo, na wale ambao hawakuona mabaya mengi, walipata matumaini zaidi.

Na kuna kundi lililorudi nyuma. Ni watoto waliokuwa wakiishi kwenye ardhi ya familia yao, ya asili au iliyonunuliwa karibuni. Kati ya hao, waliosubiri tu ndio walioongezeka matumaini, na waliohudhuria matumaini yao yalishuka.

Mimi nalielewa hivi. Mtoto aliyerudi kwenye shamba lao, anayechota maji na kucheza na binamu zake, tayari yuko njiani kupona. Ukimsimamisha kila mara kumkumbusha vita, huenda ukamkatiza safari yake. Na mtoto mwenye wazazi nyumbani, akitoka kwenye kikao, anao watu wa kumpokea.

Je, tuseme basi ushauri nasaha ni upuuzi wa wageni? Hapana, msikilizaji. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya wageni. Kirundi kina neno akabonge, huzuni inayomkalia mtu moyoni isimwachie. Wapo watoto wagonjwa kweli. Ukiona mtoto kwa wiki nyingi halali, hali, amerudia kukojoa kitandani, hachezi tena, au anasema afadhali afe, usimwambie avumilie. Akitaja kifo, usingoje hata siku moja. Mpeleke kituo cha afya, na kule Kamenge, hapa Bujumbura, ipo hospitali ya magonjwa ya akili. Si aibu kwenda huko. Mtoto kama huyu anahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo, amwone peke yake, tena zaidi ya mara moja.

Kwa watoto wengine, anza nyumbani. Utafiti mwingine wa hapa nchini, uliochapishwa mwaka 2013, ulihusu familia za watoto 120. Baadhi ya wazazi walipewa vikao viwili tu, wakafundishwa jinsi ya kumlea na kumrudi mtoto mwenye shida. Ugomvi na utukutu ulipungua, hasa kwa wavulana. Huzuni haikupungua, kwa hiyo tusidanganyane kwamba malezi yanatibu kila kitu. Lakini vikao viwili kwa mzazi si gharama kubwa.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu msaada wa kwanza kwa waliopatwa na maafa, limeweka mambo matatu. Tazama: nani yuko hatarini, nani amepotezana na wazazi. Sikiliza: anayetaka kusema aseme, asiyetaka usimlazimishe. Unganisha: mfikishe kwa jamaa zake, kwa chakula, kwa daktari.

Kwa hiyo, mama yangu wa Gatumba, jibu langu ni hili. Usimchape, usimhoji. Usiku akiamka, mshike, mwambie "mpore", kaa naye mpaka usingizi umrudie. Asubuhi aende shule, acheze. Akitaka kusimulia maji yale, acha kazi umsikilize. Na nenda kwa mwalimu wake, uombe kwa heshima: mwanangu achore anachopenda, na asisimamishwe mbele ya wenzake. Ukiona wiki zinapita hali ni ile ile, mpeleke kwa mganga wa kituo cha afya.

Nanyi mnaokuja shuleni na kalamu za rangi, karibuni. Ila kabla ya kumfungua mtoto moyo, ulizeni: jioni, nani atakuwepo kumpokea?

Hadi kipindi kijacho, mwenyezi Mungu awalinde. Kwaheri.

[Muziki wa kufungia.]